Wayua Hakuulizwa

Soko la Burma lilikuwa limefurika Jumamosi ile. Muuza nyama alilalamika kwamba kitenge cha Wayua, rangi ya machungwa, kinampotezea wateja kwa kuwa wote wanamtazama yeye. Wayua akacheka, mkono mdomoni. Meno yake ya mbele yalikuwa yamechongwa na nyanya yake, urembo wa Ukambani. Nairobi yalimletea kejeli.

"Dada, toa mkono. Unafunika jua," akasema kijana mwenye shati la maua na kamera kifuani.

"Nawe funga mdomo, nzi wataingia."

Aliitwa Andati, mpiga picha wa studio huko Makadara. Tangu siku hiyo simu ya duka la Shamis, jirani na chumba cha Wayua pale Mbotela, haikupumzika.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Ama ulidhani nitashiba sauti yako?"

"Basi Jumapili njoo studio na kile kitenge."

Alikwenda. Akapigwa picha akicheka, mikono mapajani. Hakuwa amemchekea mtu hivyo tangu aingie mjini, na aliamini picha ile ni yao wawili tu.

Kisha Nthambi, waliyeshona naye mashati kiwandani, akaja mbio. "Wee Wayua! Uko ukutani makumbusho! Mkubwa kama mlango, meno yote nje! Watu wanakutolea macho, na chumba cha pili kuna simba aliyekaushwa!"

Wayua akafunika mdomo. Makumbusho si ndiko huwekwa vitu vilivyokwisha?

"Wayua, simu! Ni yule wako!" Shamis akaita.

"Mwambie nimehama."

Jioni zikawa ndefu. Alipika ugali wa mtu mmoja, na bado ukabaki. Ng'ambo ya ukuta majirani waligombania redio, mtoto akabembelezwa, mwanamume akamwita mkewe chakula kinapoa. Wayua alisikiliza yote. Akikumbuka utani wa Andati alitabasamu, na hata gizani, peke yake, mkono ulipanda mdomoni.

Jumapili moja akajikaza, akajitanda leso hadi puani, akaenda kujiona.

Ukumbi uliwaka rangi za picha. Mwanamke mweusi ti ndani ya hariri ya manjano. Mama mnene, bega wazi, hana haraka. Ajuza wa masikio marefu yenye shanga, gauni jekundu. Halafu yeye. Hakuna aliyecheka. Msichana mmoja alimvuta mwenzake: "Ona huyu alivyo mrembo!" Chini yake paliandikwa: Mwanamke wa Kikamba.

"Nakuja hapa kila Jumapili, nikikungoja," sauti ya Andati ikasema nyuma yake.

"Ungeniuliza."

"Nilijua utakataa."

"Ulijua, na bado ukanitundika. Hata jina sina!"

Andati aliinamisha kichwa. "Nilitaka wote waone ninachokiona. Nikasahau kwamba ni chako. Nisamehe, Wayua. Niishushe sasa hivi?"

Wayua akaitazama picha kwa muda mrefu. Yule wa ukutani hakumwogopa mtu.

"Iache. Lakini waandike Wayua."

"Wataandika. Na mimi je? Nimechoka kula peke yangu. Nataka nikuoe."

"Hilo nenda nyumbani Mwala ukamuulize mama. Meno yake ni kama yangu." Akamnyooshea kola, taratibu. "Na Andati?"

"Naam, mpenzi."

"Usije na kamera."