Chumba cha Muziki Kimefungwa kwa Nje

Kila asubuhi mimi na binti yangu hutoka nyumbani pamoja. Yeye hubeba mkoba wa madaftari, mimi hubeba rungu na rundo la funguo, maana ndimi mlinzi wa shule anayosoma. Njiani vidole vyake havitulii; hugongagonga mkoba kama mvua juu ya bati. Ndiyo maana wenzake wakamwita Kinanda. Marehemu mama yake alikuwa hivyo hivyo, ila yeye alipiga sufuria.

Ijumaa ile vidole vilikuwa vimetulia. Nilipaswa kuliona hilo.

Siku hiyo wimbo wa kwaya ulitakiwa kutumwa kwenye mashindano kabla ya saa tisa alasiri. Wanakwaya arobaini walikuwa wamekaukwa na koo kwa mazoezi ya wiki tatu. Sauti zao zilirekodiwa kwenye programu moja ya kompyuta. Ngoma na kinanda vikatengenezwa kwenye programu nyingine. Jumanne fundi mitambo alikuja kuziunganisha, moja iongoze, nyingine ifuate. Zikiungana hupelekeana sauti, na pia maagizo yanayoitwa midi: bonyeza noti hii, kwa nguvu hii, iachie sasa. Fundi alieleza mbiombio huku akitazama saa, kisha akamgeukia binti yangu, aliyechaguliwa kuendesha kompyuta.

"Umeelewa?"

"Nimeelewa."

Hakuwa ameelewa hata nusu. Jumatano alijaribu peke yake, ngoma zikawa bubu. Mwalimu wa muziki alipomuuliza, akajibu, "Ziko sawa, mwalimu." Kwaya nzima ikampigia makofi. Haya niliyajua baadaye, lakini makofi hayo ndiyo yaliyomfunga, kabla yangu mimi.

Maana mimi nilimfunga kwa kufuli. Ilikuwa amri ya mwalimu mkuu: tangu spika moja iibwe, mtu akiwa chumba cha muziki, mlango ufungwe kwa nje na mlinzi akae na ufunguo. Wakubwa wetu ndivyo walivyo. Mwizi alipita dirishani, wao wakaweka kufuli mlangoni. Lakini mlinzi ni nani hata aulize? Saa sita nikamfungia mwanangu ndani, nikaketi kibarazani.

Chumba kile kina dirisha moja lenye nondo na feni isiyozunguka. Nilimsikia akifungua programu, akifunga, akifungua tena. Sauti za kwaya zilisikika bila ngoma. Mara spika zikapiga ukelele kama mbuzi aliyekanyagwa mguu, kisha kimya.

Msichana mmoja wa kwaya, anayeitwa Filimbi kwa wembamba wa sauti yake, akaja dirishani na wenzake.

"Kinanda! Bado tu? Au panya wamekula ngoma?"

"Subirini. Nasafisha sauti."

"Unasafisha au unafua? Basi anika tuone!"

Wakacheka, wakaenda zao. Saa nane nilichungulia. Binti yangu alikuwa ameinamia kinanda cha umeme, paji la uso juu ya vitufe, noti moja ikilia bila kukoma.

"Mwanangu, kuna nini?"

"Baba, fungua. Nataka kwenda nyumbani."

"Unaumwa?"

"Programu hazisikilizani. Sijui kuziunganisha. Sikujua tangu Jumanne."

"Namba ya fundi ninayo. Kila mgeni huandika yake kwenye daftari la getini."

"Usimpigie! Atamwambia mwalimu nilidanganya. Filimbi atanisema mpaka nimalize shule."

Nilishika nondo. Kulikuwa na jambo ambalo sikuwahi kumwambia.

"Mama yako alipougua, daktari alinieleza dawa zake. Hizi kabla ya kula, hizi baada, hizi usichanganye na zile. Alisema haraka, mguu mmoja umeshatoka nje. Akaniuliza, 'Umeelewa, mzee?' Mimi niliyeishia darasa la nne niliona haya. Nikasema nimeelewa. Nilipofika nyumbani nikamwaga vidonge mezani, nisijue nianze na vipi."

Aliinua kichwa. "Ndiyo sababu alikufa?"

"Sijui. Hakuna aliyeniambia. Ile haraka ni kosa la daktari, na sijamsamehe. Lakini kuuliza ilikuwa kazi yangu."

Alijifuta pua kwa mkono wa sare. "Nipe simu, baba."

Nikaipitisha kati ya nondo.

"Shikamoo, fundi. Ni yule wa kwaya. Siku ile sikuelewa. Nilidanganya."

"Marahaba. Kumbe! Unawasha ipi kwanza?"

"Ya ngoma."

"Hapo hapo! Ya ngoma ikitangulia hujiona bosi, haikubali kuifuata ya kwaya wala kuipelekea sauti. Zima zote. Washa kwanza inayoongoza, ile ya kwaya. Ikishakaa sawa, ndipo uwashe ya ngoma. Wakati wa kuzima, geuza: ya ngoma itangulie. Umeelewa?"

Binti yangu alivuta pumzi. "Bado. Rudia hapo pa kuzima."

Fundi akarudia, taratibu, naye akaandika kiganjani. Kisha akawasha moja, akasubiri, akawasha ya pili. Ngoma zikaingia chini ya zile sauti arobaini, wimbo ukasimama kwa miguu yake. Saa tisa kasorobo ukatumwa.

Hakuna aliyemlazimisha, lakini nilipomfungulia alikwenda mbele ya kwaya nzima akasema ukweli.

"Kumbe tulipiga makofi ya bure!" Filimbi akaropoka.

"Filimbi," mwalimu wa muziki akamkata, "jana nilipouliza kama mmeelewa hesabu za mapigo, uliitikia 'ndiyo' kuliko wote. Hebu njoo utufundishe."

Filimbi akajificha nyuma ya wenzake.

"Ukisema 'sijaelewa' utaona aibu dakika moja," mwalimu akasema. "Ukidanganya kuwa umeelewa, umejifungia mwenyewe, na kila siku unaongeza kufuli. Ulizeni, wanangu. Hata mara tatu."

Wakati huo mwalimu mkuu akafika. Akaupongeza wimbo, kisha akanigeukia. "Mlinzi, rudishia kufuli mlangoni. Watoto wakiingia, wafungie kama kawaida. Umeelewa?"

Miaka kumi na miwili nimemjibu, "Ndiyo, mkuu." Binti yangu alikuwa akinitazama.

"Sijaelewa, mkuu," nikasema. "Moto ukiwaka mle ndani nami niko getini, mtoto atatokea wapi? Nieleze taratibu."

 Akanyoosha mkono, nikampa lile kufuli. Hajalirudisha mpaka leo.

Tukarudi nyumbani. Njia nzima Kinanda alinigongea rungu langu kwa vidole, nami sikumkataza.