Funguo Mbili Mfukoni mwa Zadock

Watu wa mtaa wetu wa Nyalenda, kaeni niwaambie, na atakayechukia achukie. Mimi Waithira nimeuza uji mbele ya ile jimu ya mabati tangu ilipofunguliwa mwaka wa 1971. Sikusimuliwa, niliona.

Nyumba ya Zadock Ouma ilikuwa na amani. Asubuhi ungemsikia mkewe Dorca akiimba huku akimimina chai, naye Zadock anapiga viatu rangi aende mjini. Huko alisimamia mradi wa kufunga mitambo mipya ya simu, ile ya kupiga namba mwenyewe bila kumwomba opereta. Wakubwa walimpa nyumba Milimani, kwa matajiri, akaikataa. "Vijana wangu wako hapa," alisema. Jioni alivua tai na kuwafundisha kubeba vyuma katika ile jimu yake. Mkanong'ona: mshika mawili moja humponyoka. Mimi nilimpenda kwa ubishi wake.

Lakini alikuwa na ugonjwa mmoja: hakumwamini mtu na ufunguo. Wa stoo ya nyaya kazini, mfukoni. Wa jimu, mfukoni. Hata chooni alikwenda nazo, jamani!

Machi 1974, ikiwa imebaki wiki mbili tushindane na Kakamega, alitengeneza vyuma vipya kama tunavyotengeneza sisi: makopo ya mafuta ya kupikia yamejazwa simiti na kokoto, bomba la chuma katikati. Sasa, hata mtoto wa fundi anajua simiti hunyweshwa maji siku saba, la sivyo inakauka juu na kubaki unga ndani.

Dorca alimwambia mlangoni pa jimu, nikisikia: "Baba Adero, niachie ufunguo. Nitamwagilia maji asubuhi na jioni."

"Hiyo si kazi ya wanawake, Mama Adero. Nitarudi saa sita."

Hakurudi. Mitambo ilimshika huko, akawa anafika nyumbani kulala tu. Wiki nzima simiti ilichomwa na joto la mabati, Dorca amesimama nje na ndoo yake.

Siku ya saba alifika mbio, tai shingoni. Nicodemus, mdogo wake Dorca, ndiye aliyekuwa tegemeo letu. Aligusa kopo moja akaangalia kidole.

"Shemeji, hii inatoa unga."

"Beba, omera, ndugu yangu! Nina mkutano!"

Akabeba. Kopo moja likapasuka juu ya kichwa chake, bomba likalala upande, na lile la pili likamshukia mguuni. Ngai! Ule mlio wa mfupa ninausikia hadi leo.

Zadock alimkimbiza hospitali. Huko mjini mafundi kumi na wawili walisimama nje ya stoo mpaka jioni, ufunguo uko hospitalini. Kesho yake barua ya wakubwa ikaja: achague, kazi au jimu. Nanyi majirani mkaja na wimbo wenu, funga, funga.

Alikubali, masikini. Alikuja jimuni na kufuli kubwa. Dorca akaziba mlango.

"Hufungi."

"Dorca, nimemvunja ndugu yako."

"Umemvunja kwa sababu hukuniachia ufunguo. Lete! Na ule wa stoo mpe msaidizi wako kesho. Kama hawezi kuutunza, mlimwajiri wa nini?"

Mwanamume mmoja akacheka: mwanamke atajua nini kuhusu uzito?

"Ninabeba maji kichwani tangu utoto," Dorca alimjibu. "Wewe umebeba nini?"

Zadock akatoa ufunguo wa jimu, akamwekea Dorca kiganjani. Tukamwaga simiti upya, na siku saba Dorca nami tukabeba maji kutoka bombani. Nicodemus alifundisha akiwa kwenye kiti, mguu umefungwa plasta. Kazini Zadock alimkabidhi msaidizi wake Kangethe ufunguo wa stoo mbele ya wakubwa, akasema, "Mimi sichagui. Nipeni mwezi mmoja." Mwezi haukuisha, simu zikalia, wakubwa wakamwachia kazi yake. Kakamega walitushinda, na nani alijali?

FUNZO

Msiniambie mtu hawezi kazi mbili. Anaweza! Kinachomwangusha ni kukataa kusaidiwa, hasa na aliye karibu naye kila siku, amesimama mlangoni na ndoo. Mpeni mwenzenu ufunguo kabla hajaumia mtu. Nicodemus anachechemea hadi leo, na kila akipita, Zadock hupapasa mfuko wake mtupu.