Akiba Isiyoguswa

Kila Jumapili mchana Mzee Clifford Oldroyd alikwenda kula kwa binti yake, Janine. Haikuwa mbali, mitaa miwili tu kutoka kwake, hapa kwetu Keighley, kaskazini mwa Uingereza. Janine alioka nyama ya ng'ombe na viazi. Mumewe, Craig, ambaye ni fundi wa plasta, aliikata nyama na kuigawa. Walizungumza habari za mpira, za mvua na za mbwa wa jirani. Habari za fedha hawakuzigusa. Watu wa huku ndivyo tulivyo. Mtu atakusimulia upasuaji wa tumbo lake mpaka chakula kikushinde, lakini ukimuuliza ana akiba kiasi gani, atakuona huna adabu. Nimeishi na desturi hii maisha yangu yote, na naichukia.

Majira ya baridi yale mzee alianza kula kama mtu aliyefunga. Tena alikula akiwa na koti.

"Baba, vua koti basi," Janine alimwambia. "Humu ndani kuna joto."

"Niache nalo, nimelizoea."

"Kwako je, kuna joto?"

"Niko salama mimi. Mbona unanihoji kama polisi?"

Craig akacheka. "Mwache mzee wa watu! Koti hilo atazikwa nalo."

Wote wakacheka, hata mzee mwenyewe. Siku hizi Craig hapendi kukumbushwa maneno hayo.

Ukweli ni kwamba nyumba ya mzee haikuwa na joto hata chembe. Boila ya kupashia nyumba moto ilikuwa imekufa tangu Novemba. Fundi aliitazama, akatikisa kichwa. "Hii haitengenezeki, mzee. Mpya ni pauni elfu tatu, pamoja na kazi yangu." Pensheni ya mzee ilitosha chakula na umeme, basi.

Lakini akiba alikuwa nayo. Alikuwa na pauni elfu arobaini benki, jasho la miaka mingi ya kiwanda cha sufu. Hakuzigusa, na sababu yake ni hii. Janine na Craig waliponunua nyumba, walikopa pauni laki moja na ishirini elfu. Benki ikawapa mkopo wa aina ya pekee, ambao akiba huwekwa pembeni yake ili kupunguza riba. Mzee akakubali akiba yake iwekwe hapo. Alitia sahihi, akambusu binti yake, wakanywa chai. Tangu siku ile hakuna aliyelitaja tena jambo hilo.

Mzee aliamini kwamba akitoa hata pauni moja, benki itamfukuza mwanawe nyumbani. Hakuna aliyemwambia hivyo. Alijiambia mwenyewe, akaamini.

Kwa hiyo akafunga vyumba vya juu. Akahamia jikoni. Jioni aliwasha oveni kidogo, akaacha mlango wake wazi, akaketi mbele yake na blanketi magotini. Usiku alilala kitini.

Jirani yake wa ukuta mmoja ni Nasreen Akhtar, mshauri wa watu wenye shida za madeni. Asubuhi moja ya barafu alikuwa akikwangua kioo cha gari lake. Akatazama nyumba za mtaa. Kila ukuta wenye bomba la boila ulitoa mvuke mweupe. Ukuta wa Mzee Clifford haukutoa kitu. Akaweka kikwanguo chini, akaenda kugonga.

"Nani?"

"Mimi, Nasreen. Fungua, mzee wangu."

"Sijavaa vizuri, mama. Njoo kesho."

"Hata ukiwa na shuka, mimi sina neno. Fungua."

Alifungua. Ndani kulikuwa na baridi kuliko nje. Mzee alipumua, na pumzi yake ikaonekana. Midomo ilikuwa imebadilika rangi, na kifua kilikuwa kikikoroma.

"Mzee Clifford! Tangu lini?"

"Si sana." Akakohoa, akashika meza. "Usimwambie Janine. Nakuomba. Atataka nitoe zile hela, na nikizitoa watampokonya nyumba."

"Hela zipi?"

Mzee akateleza sakafuni. Nasreen akaita gari la wagonjwa, kisha akampigia Janine.

Hospitali walisema ni nimonia, mapafu yote mawili. Walimwekea bomba la hewa puani. Daktari hakumficha Janine. "Akipona, hatakuwa kama zamani. Amekaa na baridi muda mrefu mno."

Jioni ile Janine na Craig walikwenda nyumbani kwa mzee kuchukua nguo zake. Walikuta blanketi kitini na oveni wazi. Janine akaketi kwenye kiti kile na kulia kwa sauti. Nasreen alimsikia ukutani, akaja na birika la chai.

"Kwa nini hakusema?" Janine aliuliza. "Tumekula naye kila Jumapili! Kwa nini?"

"Alidhani akitoa akiba, mtapoteza nyumba."

"Nani kamwambia?" Craig alifoka. "Mzee mzima na akili zake!"

"Na wewe ulimwambia nini, Craig? Uliwahi kumweleza mkopo wenu unavyofanya kazi?" Nasreen aliuliza.

"Hata mimi sijui vizuri," Craig alisema. "Najua tu kila mwezi tunalipa."

Janine akatoa karatasi za benki kwenye droo ya mzee; Nasreen akazisoma, akamimina chai. "Basi sikilizeni. Deni lenu ni laki moja na ishirini elfu. Akiba ya mzee ni elfu arobaini. Benki inatoa akiba kwenye deni, halafu inawatoza riba kwenye elfu themanini zinazobaki. Haijazichukua hela zake. Inazihesabu tu."

"Ina maana bado ni zake?"

"Ni zake. Ila kuna benki nyingine huzifunga kwa muda, kwa hiyo lazima muulize yenu. Piga simu."

Janine akapiga simu. Aliyepokea alijibu bila kusitasita. Mzee angeweza kutoa fedha zake siku yoyote. Sharti lilikuwa moja tu, sahihi yake.

"Sasa," Nasreen akaendelea, polepole, "angetoa elfu tatu za boila, mngetozwa riba kwenye elfu themanini na tatu. Riba yenu ni asilimia tano. Kwa hiyo mngeongeza pauni mia na hamsini kwa mwaka."

"Kwa mwezi ni ngapi?" Janine aliuliza.

"Kumi na mbili na nusu."

Craig akajifunika uso kwa viganja.

"Samaki na chipsi za Ijumaa moja," alisema. "Sisi wawili tu, hata mtoto hatuna. Ndicho kiasi chenyewe. Baba wa watu ameganda kwa ajili ya samaki na chipsi!"

Nasreen hakumfariji. Mimi nadhani alifanya vema, maana yako mambo hayana faraja.

"Mkopo huu ni mbaya, basi?" Janine aliuliza baadaye, akijifuta.

"Si mbaya. Unamfaa mwenye akiba nyingi ambayo hana haraka nayo. Unamfaa anayeweka kando hela za kodi ya serikali zikingoja mwisho wa mwaka. Nyinyi wenyewe mna akiba gani?"

"Hatuna."

"Basi mmeegemea ya mzee peke yake. Na yeye hapati riba hata senti, wakati anazihitaji. Tena aina hii mara nyingi ina riba kubwa kuliko mkopo wa kawaida. Wa kawaida sasa mnaweza kupata kwa asilimia nne na nusu. Akiba ikishuka chini ya elfu kumi na mbili, wa kawaida utakuwa nafuu kwenu. Na mzee akitoka hospitali atahitaji boila, bafu la chini, na mtu wa kumwangalia. Hela zitashuka."

"Tukihama benki itatutoza?"

"Ulizeni muda wa mkataba unaisha lini. Msihame kabla, mtatozwa faini. Na kabla ya kutia sahihi popote, kaeni wote mezani, mzee akiwepo, mseme kila mtu ana nini na anaogopa nini."

Walifanya hivyo kando ya kitanda cha hospitali. Mzee alitia sahihi kwa mkono dhaifu. Boila mpya ilifungwa wiki ile ile. Mkataba ulipoisha, Janine na Craig walichukua mkopo wa kawaida. Wanalipa zaidi kidogo, na Craig anafanya kazi Jumamosi mbili kwa mwezi. Akiba ya mzee iliyobaki ilihamishiwa akaunti ya kawaida, na sasa inampatia riba.

Mwezi Machi mzee alirudi nyumbani. Kitanda chake kiliwekwa sebuleni, kwa sababu hawezi tena kupanda ngazi. Bomba la hewa lilikuja naye, na daktari amesema halitaondoka. Janine alimvua glavu, akamshikisha bomba la joto la ukutani. Lilikuwa la moto.

Mzee akabandika na kiganja cha pili.

"Na nyumba yenu?" aliuliza.

"Ipo, Baba. Wakati wote ingekuwepo tu."

Mzee akatazama mkono wake. Alitafuta pumzi ya kusemea, na ilichukua muda kuja.

"Kumbe ningeuliza tu," alisema.

"Na mimi ningeuliza, Baba," Janine alijibu.