Maji ya Vuguvugu

Jumatatu asubuhi, maji ya bomba la bafuni yalitoka na utelezi. Mama Kaswera aliyasugua kati ya vidole, akahisi kama anagusa supu ya kwato iliyolala. Alishangaa kidogo, kisha akaendelea kumwogesha mjukuu wake Chimène, mtoto wa siku kumi na mbili.

Chauffe-eau yao, pipa jeupe la kupasha maji, ilitoka kwenye nyumba iliyofungwa miaka mingi kule Bangboka. Kila maji yalipokaribia kuchemka, disjoncteur, swichi kuu ya umeme, ilijifyatua, tak!, na umeme wa nyumba nzima ukakatika. Maji yakabaki vuguvugu tu.

Jumatano Chimène akaacha kunyonya. Hakulia tena. Alilala macho wazi, na kinywani mwake mlitoka harufu ya nyama iliyooza.

Mchana huo fundi umeme, Léon, alifika na mfuko wake.

"Résistance ndiyo iko mubaya," alisema. Akamwaga maji, akachomoa kile chuma cha kuchemshia. Kilitoka kimevikwa ngozi laini, nyeupe, yenye vinyweleo.

"Ni chumvi ya maji," Léon alisema, lakini alijipangusa vidole mara tatu. Akaweka résistance mpya, akajaza maji. Tak! Akabadilisha disjoncteur. Tak! Mwishowe akang'oa nyaya zote zilizoingia kwenye pipa.

"Bon. Sasa haiko tena kwa courant. Ikikatika, kosa iko fasi ingine, haiko kwa pipa."

Akapandisha disjoncteur. Ndani ya pipa kitu kiligeuka polepole, kama mgonjwa kitandani. Tak!

"Mama," Léon alinong'ona, "hii haiko kazi yangu."

Wakamwita jirani, Mama Aziza, mtu wa Kasongo aliyezoea kuwasomea dua watu wenye majini. Aliingia akaziba pua kwa mtandio.

"Ni jini. Inapenda vuguvugu, inaogopa moto, ndiyo maana inakata courant. Nani alifungua maji ya kwanza?"

"Mimi," Kaswera akajibu.

"Basi wewe ndiye utaitosha, utaivuta inje. Kwa mukono."

Léon akamwaga maji tena, akafungua tundu la chini. Mama Aziza akaanza kusoma, na Kaswera akaingiza mkono mpaka bega, akapita utando mzito wa mafuta, akapita nywele, akagusa kitu laini kama ini ambacho kilivizunguka vidole vyake na kuanza kuvinyonya, taratibu, kwa fizi zisizo na meno, huku kikisema kwa sauti ya binti yake Jemima, mama wa Chimène, "Maman, acha, naumia," ilhali Jemima mwenyewe alisimama mlangoni amejiziba mdomo kwa mikono miwili, naye Kaswera akajitapikia kifuani, akavuta, akatapika tena, akavuta mpaka kile kitu kikachomoka na kumwagikia miguuni mwake, chekundu, kikipumua.

Wakakizoa kwa koleo, wakakitupa kwenye mbabula, jiko la makaa lililowaka uani. Kilikauka kikitoa moshi mnene uliowaganda kooni.

Kisha Chimène akalia.

"Ananyonya!" Jemima alipiga kelele chumbani. "Maman, ananyonya!"

Kaswera alikuwa akisugua mkono wake kwa mchanga, kwa sabuni, kwa petroli, mpaka ukatoka damu. Jemima akamletea mtoto.

"Mubebe, Maman."

Kaswera alinyoosha mkono wa kushoto peke yake. Wa kulia aliuficha nyuma ya kitenge, maana vidole vyake vilikuwa bado vinanyonywa.