Mwenyeji wa Khoja Firuzi

Pilipili manga haitiwi kwenye uji wa mtoto. Hilo hata asiyejua kuchemsha maji analijua. Kwa hiyo Rael alipofunua sufuria ya uji wa binti yake Eddah, harufu ya pilipili ikampanda puani mpaka akapiga chafya, angembeba mtoto wake akatoka mbio. Hakutoka. Alidhani amekosea kopo.

Eddah alionja, akageuza uso. Rael naye akaonja. Uji ulikuwa na sukari, kwa mkono wake mwenyewe aliitia, lakini ladha haikuwemo.

Kosa lilikuwa la mchana wa jana yake. Rael, mtu wa bara, alikuwa mhudumu wa mapokezi katika hoteli moja ya Diani, na kazini alifunzwa kumkaribisha mgeni kabla hajafungua kinywa. Basi akiwa kwake Msambweni, jua la utosi, sauti ilibisha hodi uani. Sisi wa pwani saa hiyo hatuitikii hodi ya kwanza wala ya pili. Tunangoja ya tatu, kwa maana jini habishi mara tatu. Rael aliitika papo hapo, "Karibu sana, ingia ndani." Alipochungulia hakuona mtu, ila lile kaburi la kale nyuma ya ua, lililopachikwa mabakuli ya Uchina.

Tangu hapo kila chakula kililiwa kwanza na mwingine. Eddah alikonda mbavu zikahesabika, na akipakatwa alikodolea macho nyuma ya bega la mama yake.

Jirani yake Jumwa, aliyemlea Eddah mama akiwa kazini, alimleta mganga Mwero kutoka Kinango. Mwero alinusa mlangoni, akamwomba Jumwa asubiri nje.

"Shikamoo, baba," Rael alisema.

"Marahaba. Ni wewe uliyemkaribisha?"

"Nilidhani ni jirani."

"Ni Khoja Firuzi, mwenye kaburi hilo la nyuma, mfanyabiashara wa Hurumuzi, kule Uajemi. Enzi zake mfanyabiashara mgeni hakuuza kitu mpaka apate mwenyeji wa kumlaza na kumlisha. Mwenyeji wake wa hapa alimtilia sumu, akachukua shehena yake ya pilipili. Mpaka leo anatafuta mwenyeji, na hula yeye kwanza."

"Mtoe, baba. Mtoto wangu anakufa."

"Mgeni hafukuzwi, husindikizwa." Mwero alinong'ona, macho yake kwa mtoto. "Utamkabidhi kwa mwenyeji mwingine. Nenda naye mchana, ubishe hodi. Lakini anayefungua akukaribishe kwa moyo mweupe. Kwa adui yako hataingia."

Msambweni nzima Rael alikuwa na mlango mmoja tu wa namna hiyo. Na ndani ya mlango huo mlikuwa na Tembo, mwana wa Jumwa, bado ananyonya.

Alilia, ndiyo. Kisha akajifunga leso akatoka, na jua likiwa utosini alisikia kanzu ikiburuzika mchangani nyuma yake, na pumzi yenye pilipili ikimpuliza shingoni, na mkono wa baridi ukatua begani mwake ukazidi kuwa mzito kwa kila hatua, naye asithubutu kugeuka wala kukimbia, akawa anajiambia ni Eddah, ni kwa ajili ya Eddah, mpaka akafika mlangoni akabisha kwa sauti asiyoitambua kuwa yake.

Jumwa alitoka na unga mikononi. "Karibu mwenzangu. Wewe tangu asubuhi hujala, najua. Ingia."

Mkono uliondoka begani. Rael aliketi, akapakuliwa wali na samaki, akala. Haukuwa na ladha hata punje. Alimeza wote, akashukuru.

Jioni ile Eddah alilia njaa, akala akaongezwa.

Baada ya siku chache Jumwa alikuja na Tembo kifuani, kichwa cha mtoto kimelegea. "Dada, hataki ziwa. Na nyumba inanuka pilipili. Nimwite Mwero?"

Rael alijua Mwero angemwambia nini, na alijua mlango gani Jumwa angeuendea. Jumwa naye hakuwa na mwingine.

"Meno hayo," alisema, akimpapasa Tembo shavu. "Usihangaike na waganga, waongo tupu."

"Kweli?"

"Kweli, dada."

Jumwa alimwamini, akaenda zake. Tangu siku hiyo akibisha hodi, mchana au jioni, Rael alimziba Eddah mdomo, wakatulia ndani wakisikiliza kilio cha Tembo kikipungua.