Kurasa Thelathini Nilizoziacha Majlisi

Nina miaka ishirini na nne, mtoto mmoja wa kike wa miezi tisa, na hasira ambazo mpaka leo sijui pa kuziweka. Nimezaliwa hapa hapa Maskati, wazee wangu walitoka Unguja. Skuli nilisoma mpaka nikamaliza sekondari. Nasema mapema, asije mtu akaniambia haya yalinikuta kwa ujinga.

Nilikuwa nikikaa Ghubra na mume wangu, Khalfan, pamoja na mama yake. Khalfan ni mpole, hapigi kelele, hanyimi kitu. Wenzangu walikuwa wakiniambia nimepata mume, na mimi nikiitikia.

Kompyuta aliinunua yeye. Kama katika nyumba nyingi za kwetu, iliwekwa majlisi, chumba cha wageni, ili watu waione. Mkwe wangu akaishonea kifuniko cha kitambaa kizito chenye shanga, kinafunika kioo na kasha lake lote mpaka mezani.

Basi ofisi moja ya Qurum ikawa inatafuta karani wa kutaipu. Nikaenda. Bibi msimamizi akanipa ripoti ya kurasa arubaini na nne, yote imeandikwa kwa kalamu. Akaniambia, "Kanitaipie nyumbani. Jumamosi asubuhi niletee kwenye disketi. Ukiileta imekamilika, kiti ni chako."

Kiti changu... Tangu nimalize skuli sikuwahi kuwa na kitu nikasema hiki changu.

Nikamuuliza Khalfan. Akasema, "Haya, jaribu tu, mama Yusra." Ile "tu" sikuisikia wakati ule. Sasa naisikia.

Nikaanza Jumatatu, mtoto miguuni. Nilisevu mara moja, nilipofika ukurasa wa nane. Baada ya hapo sikuizima kabisa. Nilidhani maadamu kompyuta inawaka, kazi imo ndani, haina pa kwenda. Nani alinifundisha hivyo? Hakuna. Nilijifundisha mwenyewe.

Jumatano baada ya alasiri nilikuwa ukurasa wa thelathini na nane. Nikasikia nje, "Hodi, hodi... ya Allah, ya Allah." Sauti za wanaume. Kwetu mwanamume akisema hivyo mlangoni, wanawake tumepewa nafasi ya kuondoka, na nafasi yenyewe ni hatua tano. Nikamnyanyua Yusra, nikaitupia kompyuta kifuniko chake huku inawaka, nikakimbilia jikoni.

Kwa nini niliifunika? Kwa sababu ndivyo tulivyozoea. Kompyuta isiyofunikwa mbele ya wageni ni kama kitanda kisichotandikwa.

Wageni walikaa na Khalfan karibu saa mbili. Halwa ikapita, kahawa ikapita. Mimi kila dakika nachungulia ukumbini, nakaa, nasimama.

Mkwe wangu akaniambia, "Umekaa kama mtoto aliyebanwa na mkojo. Mimina kahawa."

"Mama, kazi yangu iko kule."

"Kazi yako iko hapa, kwenye birika."

Walipoondoka nikaenda mbio kufunua. Joto likanipiga usoni kama nimefunua sufuria ya biriani. Kioo kinawaka, ukurasa wangu nauona, neno la mwisho nililoandika naliona... lakini kishale hakiendi. Nabonyeza hiki, nabonyeza kile, hakuna. Imeganda. Mnajua uchungu wa kuiona kazi yako iko mbele ya macho na huwezi kuigusa?

Yusra akaanza kulia. Khalfan akanishika bega, akasema taratibu, "Kamnyonyeshe mtoto. Niachie mimi."

Nikamwachia. Katika yote niliyoyafanya, hilo ndilo linalonikera zaidi.

Niliporudi kompyuta ilikuwa imewashwa upya. Nikafungua kazi yangu. Kurasa nane. Kurasa thelathini hazipo.

"Umeme ulikatika," akasema.

"Taa ya jikoni haikuzimika."

"Ulikatika upande huu tu."

Juu ya televisheni, mle mle majlisi, kuna deki ya video yenye saa. Umeme ukikatika, saa ile hurudi kwenye sifuri na kupepesa mpaka mtu airekebishe, na katika nyumba ile anayeirekebisha ni mimi. Nikaitazama. Ilikuwa inakwenda sawasawa, dakika kwa dakika. Nikajiambia labda, pengine, huenda... Mwanamke anavyoweza kumtafutia mumewe udhuru, ni ajabu.

Alkhamisi asubuhi kaka yangu Nasri akaja na gari, tukaipeleka kompyuta kwa fundi, Mhindi mwenye kiduka kule kule Ghubra. Nikamweleza yote, mpaka kifuniko. Akatikisa kichwa. Ile kompyuta, akasema, mliivalisha koti ndani ya oveni.

Kisha akanifundisha, na nawaandikia alivyoniambia. Ikiganda, usiing'oe kwenye umeme. Ifunue, ipishe hewa, ngoja hata dakika kumi, kwa sababu mara nyingi huzindukana yenyewe. Isipozindukana, bonyeza Ctrl, Alt na Delete kwa pamoja, mara moja tu. Itakuonyesha kilichokwama, ukifunge hicho peke yake. Kuizima kabisa ndiyo iwe mwisho wa yote. Na hata ikizimwa vibaya usikate tamaa, kwani programu ya kuandikia huwa inajiwekea nakala kila baada ya muda. Ukiifungua tena inakuletea nakala hiyo na kukuuliza, uihifadhi au la?

"Mimi haikuniuliza," nikamwambia.

Akanitazama, akamtazama kaka yangu, akasema kwa Kiarabu chake cha dukani, "Ukhti, basi imemuuliza mtu mwingine."

Nilitafuta kiti nikakaa.

Fundi akachokoachokoa mpaka akapata mabaki ya kazi yangu, mpaka ukurasa wa ishirini na tano. Akanitilia kwenye disketi. Zaidi ya hapo, akasema, pamefutika.

Nikarudi nyumbani nikamkuta Khalfan anakula na mama yake. Sikukaa.

"Jana kompyuta ilikuuliza nini?"

Akaacha kutafuna. "Iliuliza kwa Kiingereza."

"Na Kiingereza unakijua."

Akasema, "Nilibonyeza No."

"Kwa nini, Khalfan?"

"Kule Qurum, ukimtoa huyo bibi, ofisi nzima wanaume. Nilisema ukishindwa mwenyewe utatulia. Tusigombane."

Mkwe wangu akadakia, "Na kelele zote hizi kwa makaratasi ya watu?"

Tusigombane... Angenikataza usoni tungegombana, tungelia, tungepatana. Yeye akachagua nijione sifai. Nihangaike siku tatu, nishindwe, kisha yeye ndiye anifute machozi! Na angenifuta, wallahi, kwa upole wake ule ule.

Nikachukua mtoto, nguo zake na disketi. Nasri akatupeleka Ansab kwa mama, ambako kaka huyo ana kompyuta yake. Mama akambeba Yusra, mimi nikataipu kurasa kumi na tisa kwa siku mbili. Kila aya nasevu. Kila nikinyanyuka, hata kwenda kusali, nasevu. Jumamosi saa mbili asubuhi nilikuwa Qurum. Bibi msimamizi akatia disketi, akapitia ukurasa mmoja mmoja mpaka wa mwisho, akasema, "Jumatatu uanze."

Kiti nimekipata. Utamu wake sijausikia bado.

Hii ni wiki ya tatu niko kwa mama. Khalfan anakuja kila alasiri. Yusra akimwona anamrukia. Ananiuliza narudi lini, namwambia sijui, na kweli sijui. Siku nyingine nataka kurudi. Siku nyingine nikisikia gari lake linasimama, hasira zote zinarudi upya.

Wenzangu mnaosoma haya, sevuni kazi zenu, msinione mfano wa kufuatwa. Ikiganda, kaeni hapo hapo mbele yake. Kahawa ichelewe, mtoto alie kidogo, wageni wangoje mlangoni, hawatakufa. Na akija anayekupenda akakwambia niachie mimi, mwambie avute kiti akae pembeni yako mtazame pamoja. Kama hana nia mbaya, atakaa.