Kisima cha Kurudishia Maji

Siku ya tatu tangu fundi bomba afunge mashine ya kupasha sakafu joto nyumbani kwa dada yake, sakafu ilianza kunuka nywele mbichi.

"Mdogo wangu, ndilo joto lenyewe hilo?" dada alimtania. "Au umetufungia mbwa aliyelowa?"

Fundi alicheka, ila kicheko hakikushuka tumboni. Maji huvutwa kutoka kisima kimoja, mashine huyanyonya joto na kulipeleka chini ya sakafu, kisha maji hurudishwa kisima cha pili. Hicho cha pili alitakiwa akichimbe. Uvivu ulimshika. Akainua mfuniko wa zege wa shimo la zamani nyuma ya jiko, ule ambao marehemu baba yao aliufunga kwa dua akiwausia, "Aliyelala humu mwacheni alale." Akatumbukiza bomba humo, akamwambia dada kwamba amechimba.

Sasa, mchana kweupe, sakafu ilikuwa ikipumua. Mtoto mchanga wa dada, anayelazwa sebuleni, aliacha kulia.

"Hebu mshike miguu," dada alinong'ona.

Ilikuwa baridi kama chuma, na sakafu chini yake ilichoma.

Fundi aliungama yote mbele ya shehe. Shehe akaja, akasoma Kurani kuanzia adhuhuri, chumba kwa chumba, na aliposoma sebuleni ile pumzi ilihamia chumbani, akiifuata chumbani inakimbilia jikoni, akifika jikoni anaisikia sebuleni tena, ikizunguka na kuzunguka mle mle yalimopita mabomba, mpaka sauti ikamkauka.

"Kijana wangu," akasema taratibu, "baba yako alimfungia shimoni. Wewe umempa nyumba nzima. Nitamtoa kwa mlango gani?"

"Nikiyakata mabomba?"

"Kata. Mimi nitaomba."

Fundi akazima umeme, akakata mabomba, akarudisha mfuniko na kuumwagia zege mpya. Dada alikaa tu na mwanawe kifuani, amemvika sweta tatu.

Siku ya saba, mashine ikiwa kimya, fundi alitandika mswala pale sebuleni akasali. Aliposujudu, paji la uso lilihisi uvuguvugu chini yake, na sakafu ikapanda na kushuka polepole, kama kifua cha mtoto aliyeshiba akalala.

Chumbani, dada alianza kumwita mwanawe kwa sauti ndogo, tena na tena, akimtikisa.

Fundi hakuinua kichwa.